Uzi: Pedali ya klachi ya mafuta inazama na gia zinasaga. Je, ni masta ya juu, masta ya chini, au klachi yenyewe?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Nina pikapu ya zamani yenye klachi ya mafuta, si ile ya waya, na kwa muda sasa klachi hiyo imekuwa ikinisumbua kwa namna ambayo kila ninayemwuliza anaipa jina lake. Asubuhi, gari likiwa limepoa, gia zinaingia vizuri. Likishakaa kwenye foleni kwa muda, pedali inaanza kuwa laini, klachi inakata (yaani inaachanisha injini na giaboksi) karibu kabisa na sakafu, kisha gia ya kwanza na ya kurudi nyuma zinasaga au zinagoma kabisa. Nikipampu pedali mara mbili au tatu kwa haraka, gia inaingia bila tatizo lolote. Nikizima injini, gia zote zinaingia bila ubishi.

Mafuta ya klachi (ni yale ya breki) kwenye kikopo yanapungua polepole mno, na chini ya gari sijaona hata tone. Gereji moja imeniambia kwamba klachi pleti imekwisha na giaboksi lazima ishushwe. Nyingine inasema ni "masta" bila kueleza ni ipi kati ya mbili: silinda ya juu kwenye pedali inayosukuma mafuta, au ya chini kwenye giaboksi inayoyapokea. Ninachoomba hapa ni utaratibu wa kubaini tatizo liko wapi kabla sijanunua kifaa chochote, kwa sababu naona kila mtu anataka kuanza na spana kabla ya macho. Natanguliza shukrani.

#2 Mchangiaji (fundi)

Mkuu, maelezo yako yenyewe yamekwishajibu nusu ya swali. Klachi pleti iliyokwisha huteleza: injini inapandisha mlio lakini gari haliongezi mwendo, hasa mlimani ukiwa na gia kubwa. Klachi yako haitelezi bali haikati, na hayo ni magonjwa mawili yanayopingana. Aidha, kwa kuwa gia zinaingia kirahisi injini ikiwa imezimwa, giaboksi na fito zake za kubadilishia gia hazina kesi ya kujibu kwa sasa. Kinachokosekana ni pleti kuachana na flaiwili (gurudumu zito linalozungushwa na injini) sawasawa, na kupampu kusingekuwa na msaada wowote kama tatizo lingekuwa ndani ya giaboksi. Usikubali ishushwe mpaka mfumo wa mafuta uwe umepimwa.

Kabla ya kushika kitu, elewa jinsi mfumo huu ulivyo na nafasi ndogo ya kukosea. Nitumie mfano wa vipimo vinavyopatikana kwenye magari mengi ya Kijapani: masta ya juu yenye kipenyo cha ndani cha milimita 15.87 na masta ya chini yenye milimita 20.64. Pistoni ya juu ikisogea milimita 25, inasukuma takriban mililita 5 tu za mafuta, yaani kijiko kimoja cha chai, na pistoni ya chini inasogea karibu milimita 15. Hiyo ndiyo safari yote uliyonayo ya kusukuma uma wa klachi, yaani wenzo unaosukuma beringi ya klachi. Sasa weka kiputo cha upepo cha mililita 1 ndani ya paipu. Mguu wa kawaida kwenye pedali huzalisha presha ya kutosha kukibana kiputo hicho karibu chote, na hapo moja ya tano ya safari imepotea. Milimita 15 zimekuwa 12, na gia zimeanza kusaga. Vivyo hivyo kwa pedali: wenzo wake huwa ni wa tano au sita kwa moja, kwa hiyo tundu la pini likilika kwa milimita 1, unayeikanyaga unapoteza milimita 5 au 6 za mwendo wa mguu kabla pistoni haijahisi chochote.

Ndiyo maana mimi siulizi "kipi kimeharibika". Nauliza safari ya mguu inapotelea wapi, kisha naifuata kutoka pedali hadi kwenye uma, kituo kwa kituo.

Anza kwenye pedali. Inama na taa, mtu mwingine aisukume pedali kwa mkono polepole, nawe uangalie kama pini inacheza kwenye tundu kabla fimbo ya kusukumia haijasogea. Angalia pia bracketi inayoshika pedali pamoja na bati la ukuta wa injini mahali masta ya juu ilipofungwa. Kwenye magari ya umri mkubwa bati hilo hupasuka kuzunguka bolti, na ukikanyaga unaona masta nzima ikisogea mbele. Hakuna raba mpya itakayotibu bati lililopasuka.

Kisha fungua kikopo. Angalia rangi ya mafuta, halafu uchunguze mpira ulio ndani ya kifuniko. Kama mpira huo umevimba, umekunjamana na haurudi kwenye nafasi yake, kuna mtu amewahi kuongeza oili ya injini, mafuta ya usukani au oili nyingine yoyote ya petroli, na ujue kwamba raba zote za ndani zimepatwa na hali hiyo hiyo. Katika hali hiyo hakuna cha kupima tena. Kila kifaa chenye raba kinabadilishwa na paipu za chuma zinaoshwa.

Hatua inayofuata ni mvujo. Masta ya juu huvuja kwa nyuma, kwenye upande wa pedali, na mafuta hushuka na fimbo hadi chini ya zulia, ndiyo maana mtu anaweza kukosa tone chini ya gari kwa miezi mingi. Vuta ukingo wa buti la mpira nyuma ya masta, pitisha kidole. Fanya vivyo hivyo kwenye buti la masta ya chini. Ukikuta majimaji chini ya nyumba ya klachi na hujui ni ya nini, dondosha kidogo kwenye glasi ya maji: mafuta ya breki huchanganyika na maji, ilhali oili ya injini au ya giaboksi huelea juu.

Mwisho, na hiki ndicho kipimo ninachokithamini kuliko vyote, lala chini ya gari na rula, injini ikiwa imezimwa, breki ya mkono imevutwa na tairi zimewekewa vizuizi. Mwenzako akanyage pedali hadi mwisho, nawe upime fimbo ya masta ya chini inasogea milimita ngapi. Kwa magari mengi madogo utapata kati ya 10 na 15, lakini namba sahihi ni ile ya kitabu cha gari lako. Kisha aendelee kuishikilia pedali kwa dakika nzima bila kuiachia, nawe usiondoe macho kwenye fimbo. Rudi hapa na majibu.

#3 Mwanzisha uzi

Nashukuru sana, fundi. Nimefanya kama ulivyoelekeza.

Pini ya pedali imelika, si sana, ila inaonekana ikicheza. Bati la ukuta ni zima. Mpira wa kifuniko uko sawa, haujavimba, lakini mafuta ni meusi kiasi kwamba sioni sakafu ya kikopo, na nikiyasugua kati ya vidole nahisi chembe laini. Nyuma ya masta ya juu pana unyevu mwembamba tu. Nilipovuta buti la masta ya chini, mafuta meusi yaliyochanganyika na vumbi yalitoka kidogo na kunilowesha kidole.

Fimbo ya chini ilisogea milimita 11. Kitabu kinataka 14. Pedali iliposhikiliwa, fimbo ilianza kurudi yenyewe taratibu hadi ikabaki kwenye milimita 6 hivi, na wakati huo wote hapakuwa na mafuta yaliyotoka nje mahali popote. Pedali ikipampiwa mara tatu, fimbo inafika 14 bila shida, kisha inarudi tena. Mafuta yanakwenda wapi?

#4 Mchangiaji (fundi)

Yanarudi kwenye kikopo, mkuu. Ndani ya masta ya juu pistoni ina raba mbili. Ya mbele ndiyo inayosukuma mafuta. Ya nyuma kazi yake ni kuzuia yasimwagike kuelekea kwenye pedali. Raba ya mbele ikilika mdomo, au ukuta wa silinda ukipata mikwaruzo, mafuta yenye presha hupenya pembeni yake na kurudi yalikotoka bila kuonekana nje. Mguu uko sakafuni, fimbo ya chini inarudi, na springi za presha pleti (bamba linaloibana klachi pleti kwenye flaiwili) zinashinda. Gari likipata joto hali inazidi kwa sababu mafuta yanakuwa mepesi zaidi na kupenya kwa urahisi, na hiyo inaeleza foleni yako.

Kupampu kunasaidia kwa sababu pedali ikirudi haraka, mafuta kutoka kwenye kikopo huipita raba ya mbele na kujaza nafasi iliyo mbele yake kabla yale ya chini hayajarudi yote. Kila mkanyago unaongeza kidogo juu ya uliotangulia. Upepo kwenye paipu nao huleta dalili inayofanana na hii, ila upepo peke yake hauifanyi fimbo irudi pedali ikiwa imeshikiliwa. Hubaki pale ilipofika, hata kama imefika pungufu. Hapo ndipo kipimo cha dakika moja kinapotenganisha mambo mawili ambayo wengi huyachanganya.

Weusi wa mafuta ni vumbi la raba na la ukuta wa silinda. Chembe ulizozihisi ndizo zilizokuwa mdomo wa raba yako.

Ukitaka uhakika kabla ya kununua, fungua paipu kwenye mdomo wa masta ya juu, uuzibe kwa plagi ya nyuzi zinazolingana, kisha kanyaga. Masta nzima, ikishatolewa upepo, itakupa pedali ngumu isiyosogea. Ikizama huku imezibwa, kesi imekwisha. Wapo wanaobana paipu ya mpira kwa koleo ili kupata jibu hilo hilo. Kwa paipu ya miaka mingi sikushauri, kwa sababu tabaka la ndani hupasuka, nawe unakuwa umejitengenezea ugonjwa mpya. Kama utaibadilisha paipu kwa vyovyote, basi ibane upendavyo.

Ushauri wangu: masta ya juu, masta ya chini, paipu ya mpira na pini ya pedali, vyote kwa mkupuo mmoja.

#5 Mchangiaji wa tatu

Kwa heshima zote, fundi, naomba kutofautiana nawe. Vipimo vyote vimeelekeza kwenye masta ya juu. Ya chini imelowesha kidole tu. Kwa nini mwenzetu abadilishe vyote wakati raba za kubadilisha zinapatikana na silinda inaweza kupigwa msasa ikarudi kazini? Utamaduni wa kutupa kifaa kizima kila raba inapochoka ndio unaofanya watu wayakimbie magari ya zamani.

#6 Mchangiaji (fundi)

Hoja yako ni ya haki, ndugu, na kwenye silinda ya chuma cha kusubu nakubaliana nawe kwa sharti moja. Fungua, safisha, kausha, kisha pitisha ukucha kwenye ukuta wa ndani kwenye mwanga mzuri. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, hata kidogo, raba mpya itakuwa imekwaruzwa baada ya muda mfupi. Ukuta ukiwa laini, msasa mwembamba sana wenye maji, kwa mzunguko na si kwa kwenda mbele na nyuma, unatosha. Silinda nyingi za aluminiamu ni jambo tofauti, kwa kuwa uso wake wa ndani umepewa tabaka gumu kiwandani. Ukilisugua likaondoka, chuma laini kilichobaki kinaliwa haraka na utarudi kwenye mafuta meusi. Hiyo siipigi msasa kamwe.

Unaporudisha raba, mdomo wake mpana uelekee upande wenye presha. Pakaa mafuta safi ya breki au grisi maalumu ya raba, na usisafishe kitu chochote cha ndani kwa petroli, dizeli au mafuta ya taa. Watu husafisha kwa nia njema, raba inavimba usiku huo huo, na asubuhi pedali hairudi juu.

Kuhusu masta ya chini, unyevu ndani ya buti ni raba iliyokwisha kuanza kupitisha. Silinda hizi mbili zimekunywa mafuta yale yale kwa miaka ile ile. Zaidi ya hayo, wakati wa kutoa upepo utaikanyaga pedali hadi mwisho mara nyingi, na mafuta mapya yataosha uchafu uliokuwa umeziba pengo kwenye raba iliyochoka.

Niongeze jambo moja ambalo huzua ugomvi kati ya wateja na mafundi. Klachi pleti inavyolika, vidole vya springi ya presha pleti husogea kuelekea giaboksi na kuisukuma pistoni ya masta ya chini ndani zaidi. Kwa miaka hiyo yote, sehemu ya silinda iliyo karibu na mdomo haipitiwi na raba, hivyo inakusanya vumbi na kutu nyuma ya buti. Siku unapofunga pleti mpya, vidole vinarudi upande wa flaiwili, pistoni inatoka nje kidogo, na raba inaanza kufanya kazi juu ya ile sehemu yenye kutu. Baada ya muda masta ya chini inavuja na mteja anasema fundi ameiharibu. Kumbe ilikuwa inasubiri tu. Mimi sifungi pleti mpya bila kuifungua na kuikagua masta ya chini, na kama ni ile aina inayokaa ndani ya nyumba ya klachi, ikizunguka shafti ya giaboksi, sina mjadala: giaboksi ikishuka kwa sababu yoyote, hiyo inabadilishwa.

#7 Mchangiaji wa nne

Naomba kuuliza kinyume chake, kwa kuwa uzi unazungumzia isiyokata. Gari langu lina klachi ya mafuta, pleti ina muda mfupi, lakini likipata joto linateleza. Likipoa linashika vizuri. Je, ni mfumo huu huu?

#8 Mchangiaji (fundi)

Inawezekana kabisa, na ni tatizo linalowagharimu watu pleti nzima bila sababu. Mbele kidogo ya raba ya mbele, pedali ikiwa juu kabisa, kuna kitundu chembamba kinachounganisha silinda na kikopo. Mafuta yakipata joto hutanuka, na ziada yake hurudi kwenye kikopo kupitia hapo. Fimbo ya pedali ikirekebishwa ikawa ndefu mno, pistoni hairudi hadi mwisho na raba inabaki imekifunika kitundu. Presha inabaki ndani, inaisukuma beringi ya klachi, na presha pleti haibani kwa nguvu zake zote.

Likianza kuteleza, simama mahali salama, fungua nipeli (skrubu ya kutolea upepo) ya masta ya chini kwa robo mzunguko. Mafuta yakiruka kwa presha wakati hakuna aliyekanyaga, na gari likashika vizuri baada ya kuifunga, pleti haina kosa. Rekebisha fimbo ili pawe na uchezaji mdogo kabla ya kugusa pistoni. Magari mengi yanataka milimita 1 hadi 5 ukipimia kwenye kichwa cha pedali. Ikiwa fimbo iko sahihi na dalili inaendelea, kitundu kimeziba kwa uchafu, au paipu ya mpira imevimba kwa ndani na inaruhusu mafuta kwenda lakini inayachelewesha kurudi.

Kipimo cha macho ni hiki: fungua kifuniko, mwenzako aguse pedali kidogo sana. Utaona mafuta yakitikisika au kuruka kidogo kutoka kwenye kitundu hicho katika milimita za kwanza, kisha yanatulia. Usipoona chochote, kitundu kimefunikwa. Usiweke uso juu ya kikopo wakati huo, maana mafuta haya machoni ni hatari, na yakikuingia osha kwa maji mengi papo hapo. Yakidondoka kwenye rangi ya gari pia, mwagia maji mara moja kabla hayajaibambua.

#9 Mwanzisha uzi

Wakuu, nimerudi. Nilipofungua masta ya juu, raba ya mbele ilikuwa na mdomo uliokatika upande mmoja, na ukutani pana mkwaruzo mrefu ulioukamata ukucha. Nimefuata ushauri wa kubadilisha masta zote mbili pamoja na paipu ya mpira na pini. Kufungua nati za paipu kulihitaji subira. Nilitumia spana ya ringi iliyokatwa mdomo na kushikilia upande wa pili kwa spana nyingine ili paipu ya chuma isijisokote.

Sasa nimekwama kwenye kutoa upepo. Tumepampu na kufungua nipeli kwa utaratibu wa kawaida wa breki, mafuta yanatoka safi bila viputo, lakini pedali bado iko chini na fimbo inasogea milimita 9 tu. Ni pungufu hata kuliko ilivyokuwa kabla ya matengenezo.

#10 Mchangiaji wa tatu

Kabla ya yote, angalia nipeli ya masta mpya ya chini iko juu au chini ya mdomo wa paipu. Baadhi ya silinda zinafungika pande zote mbili bila kukataa, na nipeli ikiangalia chini, upepo unabaki umekaa juu ukiyatazama mafuta yakipita. Ukiwa umeikuta hivyo, geuza. Kama haigeuki, ifungue kutoka kwenye bolti zake bila kuitenganisha na paipu, iinue nipeli iwe juu kabisa, na uizuie pistoni kwa kamba au kipande cha mbao ili isirushwe nje wakati wa kukanyaga.

#11 Mchangiaji (fundi)

Naunga mkono, na nieleze kwa nini njia ya breki hushindwa hapa. Mkanyago mmoja unahamisha mililita 5. Paipu inapanda, inapinda juu ya ukuta wa injini, kisha inashuka. Kiputo kilichokaa kwenye kilele cha pindo hilo husogea mbele kidogo unapokanyaga na kurudi juu kabla ya mkanyago unaofuata. Mafuta yanayotoka chini ni safi kwa sababu upepo haujawahi kufika chini.

Kwa hiyo usiupeleke chini. Upeleke unakotaka kwenda wenyewe. Hakikisha pedali iko juu kabisa ili kile kitundu kiwe wazi, na upunguze mafuta ya kikopo hadi nusu ili yasifurike. Nipeli ikiwa imefungwa, fungua bolti za masta ya chini, ishike mkononi, na uisukume pistoni ndani polepole kwa kidole gumba hadi mwisho. Mwenzako atazame kikopo, viputo vitapanda. Iachie pistoni irudi taratibu kwa springi yake, kisha rudia hadi viputo viishe. Kama una bomba kubwa la sindano na kipande cha mpira usiopitisha hewa pembeni, unaweza pia kuyasukuma mafuta safi kutoka kwenye nipeli kuelekea juu. Kwa masta ya juu iliyofungwa ikiwa kavu, legeza nati ya paipu kwenye mdomo wake, kanyaga polepole, kaza kabla ya kuachia, na uweke kitambaa chini yake.

Usitumie tena mafuta yaliyotoka, na usitumie kopo lililokaa wazi, kwa sababu mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa. DOT 3 mpya (DOT ni daraja la mafuta ya breki) huchemka kwa angalau nyuzi joto 205 za Selsiasi. Ikishanyonya maji, kiwango chake cha chini ni 140 tu. DOT 4 ni 230 na 155. Klachi haipati joto la breki, lakini maji yaliyomo ndiyo yanayozaa kutu silindani. Fuata kilichoandikwa kwenye kifuniko. DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, ila DOT 5 ya silikoni haichanganyiki nazo hata kidogo.

#12 Mwanzisha uzi

Nipeli ilikuwa juu, kwa hiyo hilo halikuwa kosa. Nimeisukuma pistoni kwa kidole gumba kama ulivyosema, na viputo vilipanda kwenye kikopo, kikubwa kimoja kwanza, halafu vidogo vingi. Pedali sasa inakata katikati ya safari yake. Fimbo inasogea milimita 14 na inabaki hapo hapo pedali ikishikiliwa. Gia ya kurudi nyuma inaingia bila kelele nikisubiri sekunde chache baada ya kukanyaga.

Swali la mwisho: wapo walioniambia kwamba hata baada ya haya bado nishushe giaboksi nikague pleti, "kwa kuwa umeshaanza". Je, kuna haja?

#13 Mchangiaji (fundi)

Hakuna. Ungekuwa na milimita 14 kamili na gia bado zinasaga, ningekuambia ushushe bila kusita, kwa sababu hapo tatizo lingekuwa ndani: uma uliopasuka, vidole vya presha pleti vilivyovunjika, pleti iliyokwama kwenye meno ya shafti kwa kutu, au beringi ndogo ya kwenye flaiwili iliyoganda na kuizungusha shafti hata klachi ikiwa imekata. Safari imefika yote na gia imeingia kimya. Hayo yote yameondoka mezani.

Kinachobaki ni hiki. Weka alama ya kalamu kwenye kikopo leo. Pleti ikilika, kiwango hupanda kidogo sana chenyewe, hivyo usiongeze mafuta wala usishangae. Kikishuka, vuta mabuti mawili tena. Na kama kikopo chako kinashirikiana na breki, fahamu kwamba mdomo wa klachi umewekwa juu ya ule wa breki makusudi, ili mafuta yakipungua klachi ife kwanza na breki zibaki. Ukiona pedali ya klachi imezama ghafla kwenye gari la namna hiyo, kagua breki kabla ya kuondoka hapo ulipo.